Kusikiliza Nako ni Kazi

Wazazi wana swali moja ambalo kila mkuu wa shule hulijua kabla halijatamkwa. Mzazi huketi, huvua kofia, huuliza habari za shule na za mvua, kisha husema: "Mwalimu, somo hili litamsaidia nini mtoto?" Hisabati hujibu swali hilo bila taabu, kwa maana hesabu iko dukani na iko benki. Kiingereza nacho hujitetea chenyewe. Sayansi ina hospitali na viwanda vya kuisemea. Lakini muziki ukiulizwa swali hilo hukaa kimya, na mwalimu wake hukaa kimya pamoja nao, kwa sababu kila jibu linalomjia mdomoni huonekana dogo mbele ya karo.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 swali hilo lilinifuata nyumbani, miaka mingi baada ya mimi kukabidhi funguo za ofisi. Aliyelileta ni jirani yangu, mama mjane anayeishi kwa migomba, kahawa kidogo, na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye wakati huo alikuwa na ndama jike. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia. Tangu utoto alikuwa katika kwaya ya usharika, na alipofika sekondari alijifunza fidla kwa mwalimu mmoja wa kujitolea. Sasa alitaka kusomea shahada ya muziki. Mjomba wake alitaka asomee uhasibu. Mkopo wa serikali haukuwa na uhakika, na nyumbani hapakuwa na akiba zaidi ya ile iliyofungwa zizini.

"Shikamoo Mwalimu," alisema, na kabla sijamaliza kumwitikia akaendelea: "Nimuuze ng'ombe, mtoto akasomee fidla?"

Anayeishi huku Meru hahitaji kuelezwa ng'ombe wa maziwa ni nini katika nyumba ya mjane. Ni chumvi na sabuni, ni daftari za wadogo, ni dawa ya malaria, na tena ni mbolea ya migomba. Ukimwondoa ng'ombe huyo, nyumba nzima huinama upande mmoja. Swali la mama yule halikuwa swali la mtu anayetaka falsafa. Alitaka jibu ambalo angeweza kulipeleka mnadani.

Sikumjibu siku hiyo. Nilikuwa nimesikia kwamba mwezi Aprili kungekuwa na onyesho la okestra ndogo katika chuo kikuu kimoja cha eneo letu, na kwamba mpigaji mkuu angekuwa binti wa sello. "Twende wote tukaone hicho kitu," nilimwambia. "Hata ng'ombe hanunuliwi bila kutazamwa meno."

Msomaji asiyeufahamu mkoa wetu anaweza kushangaa kusikia habari za sello kwenye miteremko ya Mlima Meru. Ajue kwamba Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichopo karibu na Usa River kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, kina idara inayotoa shahada ya muziki. Mizizi yake ni chuo cha theolojia cha Walutheri, na Walutheri, kama ijulikanavyo, hawawezi kuhubiri bila kuimba. Hapo vijana husoma noti za Kizungu na hujifunza ngoma za makabila yetu, na jioni mtu apitaye njia anaweza kusikia vyote viwili kwa wakati mmoja.

Sello yenyewe ni ndugu mkubwa wa fidla. Kimo chake hukaribia mita moja na robo. Mpigaji huketi, huiweka kati ya magoti, huiegemeza kifuani, na ncha ya chuma iliyo chini yake hukanyaga sakafu. Ina nyuzi nne, ambazo kwa sisi tuliolelewa na solfa ni do, sol, re na la, kutoka chini kwenda juu. Uso wake hutengenezwa kwa mti laini wa jamii ya misonobari, na mgongo wake kwa mti mgumu zaidi wa nchi za baridi. Sauti yake huanzia kwenye besi ya mwanamume mzima na hupanda hadi sauti ya mwanamke aimbaye peke yake, na pengine ndiyo sababu mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba amewahi kuisikia.

Na okestra ndogo ni kitu gani? Okestra kubwa za Ulaya huwa na wapigaji themanini, hata mia, na mbele yao husimama kiongozi mwenye kijiti mkononi. Okestra ndogo ni jambo jingine. Wazungu huiita kwa jina linalotokana na neno "chumba", kwa kuwa muziki wa namna hii ulitungwa upigwe ndani ya chumba cha nyumba kubwa, watu wakiwa karibu na wapigaji. Jioni ile niliwahesabu, kama ilivyo desturi ya mwalimu: fidla nane, viola mbili, sello mbili, besi moja na klarineti mbili. Hao ni kumi na watano, na binti wa sello aliyekuwa mgeni wao alikuwa wa kumi na sita. Mwenye kijiti hakuwapo. Kijana aliyeketi kwenye fidla ya kwanza alivuta pumzi, akainamisha kichwa, na wote wakaanza. Ninajua ugumu wa kuwafanya watu kumi na sita waanze jambo kwa pamoja, hata saa ikiwa ukutani na kengele mkononi.

Kabla hawajaanza, mzee mmoja aliyeketi nyuma yetu alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Huu si muziki wetu." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha njiani. Neno lake ni la watu wengi, na kwa kuwa mama aliyekuwa pembeni yangu alilisikia na kunigeukia, nililazimika kulipima.

Hebu tuangalie. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu mwaka 1870 hadi 1888, alivutiwa sana na muziki wa Misri, na husimuliwa kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim hadi Cairo akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, chama cha taarab ambacho jina lake bado linatajwa kwa heshima Unguja. Baadaye, redio na sahani za santuri zilipoleta sauti ya Umm Kulthum na okestra kubwa zilizompigia, vikundi vya Unguja vikapanua jukwaa lao, zikaingia fidla nyingi, zikaingia sello na besi. Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, imekuzwa na nyuzi hizo. Na tangu mwaka 2002 Zanzibar ina Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambako vijana hujifunza udi, kanuni na fidla. Kwa hiyo akina mama wa pwani wamekuwa wakiinuka kutuza mbele ya sello tangu zamani, wala hakuna aliyewaambia kwamba wanatuza kitu cha Wazungu. Sello iliwafikia kwa njia ya Cairo, ikavaa kanga, basi ikawa yao. Yule binti wa jioni ile alikuwa mtoto wa njia hiyo hiyo. Tulielezwa mwanzoni kwamba aliishika sello Unguja, kwenye taarab, kabla hajajua kusoma noti hata moja.

Tena wazo lenyewe la kusugua uzi kwa upinde hadi uimbe tunalo hapa bara. Wagogo wana zeze lao la kibuyu, na Hukwe Zawose, aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alilichukua zeze hilo pamoja na marimba ya Kigogo akayafikisha katika majukwaa ya Ulaya na Japani. Watu wa huko walikaa kimya wakamsikiliza. Sijasikia kwamba waliulizana kama ule ulikuwa muziki wao.

Nikaziangalia pia zile klarineti mbili nyeusi. Klarineti nzuri za dunia huchongwa kwa mpingo, mti ule ule wa vinyago vya Wamakonde, na mpingo wa kazi hiyo hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Mpingo haukui kwa haraka. Huhitaji miaka sabini au zaidi kabla haujafaa kuvunwa kwa ajili ya ala, yaani umri wa mzee kama mimi. Ndiyo maana marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Moshi, alianzisha pamoja na Mmarekani James Harris mradi wa kuuhifadhi na kuupanda mti huo mwaka 1996, huku akijua kwamba miche anayoipanda itakatwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Mzee wa nyuma yetu alikuwa anasikiliza mti wa kwao uliokwenda Ulaya kuchongwa na kurudi umejaa matundu.

Na kama hayo hayatoshi, zipo tarumbeta. Wamisionari wa Leipzig walifika huku mwishoni mwa karne ya 19, na wawili wao waliuawa Akeri mwaka 1896, si mbali na tulipokuwa tumeketi. Kanisa lililotokana na kazi ya wenzao lilirithi kwa Wajerumani vikundi vya tarumbeta. Leo hakuna mazishi ya maana ya Mlutheri yasiyo na tarumbeta, kuanzia Meru hadi Marangu. Tunawashusha baba zetu kaburini kwa ala hizo, na machozi yanayotutoka ni yetu wenyewe.

Haya yote nilimnong'oneza mama yule kwa ufupi zaidi kuliko nilivyoyaandika. Alinisikiliza, kisha akasema, "Sawa, Mwalimu. Lakini mimi sikuuliza limetoka wapi. Niliuliza linakwenda wapi." Basi nikanyamaza.

Kazi waliyoipiga ni koncheto ya Joseph Haydn kwa sello, ile iliyo katika ufunguo wa do. Koncheto ni kazi ambayo ala moja hutangulia na okestra huisindikiza, mara wakizungumza, mara wakibishana. Haydn aliitunga mwanzoni mwa miaka ya 1760, alipokuwa ameajiriwa na familia ya Esterházy, mabwana wakubwa wa Hungaria. Ingawa alikuwa mtunzi, katika jumba hilo alihesabiwa miongoni mwa watumishi na alivaa sare kama wao. Inaaminika kwamba kazi hii aliiandika kwa ajili ya Joseph Weigl, mpigaji sello wa okestra ya jumba hilo. Kisha ikapotea. Wataalamu walijua kwamba iliwahi kuwapo, kwa sababu Haydn mwenyewe aliandika noti zake za mwanzo katika orodha ya kazi zake, lakini karatasi hazikuonekana. Kwa karibu miaka mia mbili kazi hii ilikuwa jina tu, hadi mwaka 1961, Oldřich Pulkert alipozikuta karatasi zake katika Makumbusho ya Taifa mjini Prague, nchi iliyoitwa wakati huo Chekoslovakia. Mwezi Mei 1962 ikapigwa tena mbele ya watu.

Mwaka huo wa 1961, tarehe 9 Desemba, Tanganyika ilipata uhuru. Tafakari jambo hilo, msomaji. Kazi ina zaidi ya miaka 250, lakini katika masikio ya ulimwengu ina umri wa taifa letu. Profesa wa muziki wa Vienna mwaka 1960 alikuwa hajaisikia, sawasawa na mimi niliyekuwa nikichunga mbuzi. Hakuna aliyetutangulia sana.

Haydn aliandika nafasi za obo mbili na honi mbili. Jioni ile hazikuwapo, na klarineti zilibeba mzigo wa zote. Sehemu ya kwanza ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kifua mbele akienda kwenye harusi. Binti alikuwa na upinde mwepesi, na aliposhuka kwenye uzi wa do niliona mama yule akigusa kifua chake, kama mtu aliyeguswa kutoka ndani.

Sehemu ya pili ni ya polepole. Ndani yake Haydn ameziondoa ala zote za kupuliza, zimebaki nyuzi tupu. Fidla huanza wimbo, kisha sello huingia kwa noti moja ndefu isiyotikisika, huku wenzake wakiurudia wimbo chini yake. Binti ndiyo kwanza alikuwa ameishika noti hiyo mvua ilipoanguka.

Masika ya mwaka 2024 yatakumbukwa Tanzania kwa mafuriko yake. Mvua ya siku hiyo haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote kwa pamoja juu ya paa la bati lisilo na dari, na yeyote aliyewahi kufundisha chini ya bati anajua kinachofuata: mwalimu huweka chaki chini na kungoja. Tuliwaona wapigaji wakipiga, hatukusikia kitu. Upinde wa sello ulikwenda na kurudi kama wa mtu anayekata kuni mbali, ng'ambo ya bonde.

Nilitazamia kwamba wangesimama. Hawakusimama, wala hawakuanza kushindana na mvua kwa kukwangua nyuzi kwa nguvu. Walisogeza miili. Wa viola waliinama kuelekea kwa sello. Wa fidla ya kwanza aliacha kutazama karatasi akawa anautazama mkono wa binti, na binti alikuwa akimtazama kijana wa besi, ambaye alikuwa akitingisha kichwa kuhesabu mapigo. Kila mmoja alikuwa anatafuta kwa macho kile ambacho masikio yalinyimwa.

Ndipo jirani yangu alipoinuka. Hakuniaga. Alikichukua kiti chake cha plastiki, akakibeba juujuu kisiburuzike, akaenda kukiweka hatua mbili kutoka ilipo sello, akaketi. Nikamfuata. Nyuma yangu wakafuata wanafunzi, kisha wachungaji wawili, kisha mzee yule wa kibao cha njiani, amekumbatia kiti chake kama mtu anayehama nyumba. Kwa muda mfupi tukawa tumewazunguka wapigaji kama watu wanaoota moto. Hakuna aliyesema neno. Kwanza tuliisikia besi, ikija kwa miguu kupitia sakafuni. Kisha, kidogo kidogo, sello ikatoka ndani ya mvua, nasi tukaikuta katikati ya wimbo wake, mahali ambapo haikuwa imetungoja.

Nimehudhuria sherehe nyingi za shule, halaiki, mapokezi ya Mwenge na mashindano ya kwaya. Katika hizo zote sauti hufuata watu, na ikishindwa huletewa kipaza sauti. Jioni ile watu ndio walioifuata sauti.

Sehemu ya tatu ni ya kasi, na mvua ilikuwa imepungua. Hatukurudi nyuma. Makofi yalipozidi, binti aliketi tena akapiga peke yake bila karatasi, kwa namna ambayo watu wa taarab huiita taksimu, akipita katika sauti zile zilizo katikati ya noti za piano ambazo piano haiwezi kuzifikia. Ilikuwa ala ile ile na upinde ule ule. Mzee alitikisa kichwa taratibu hadi mwisho, na habari za muziki wetu na wao sikuzisikia tena kwake.

Tulingoja daladala chini ya kibanda, maji yakipita kwenye mtaro kwa kelele. Mama yule alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, ulimwona yule binti alipokuwa hapigi?"

"Nilimwona, mama."

"Alikuwa akiwasikiliza wenzake kama mtu anayengoja habari za nyumbani. Ile sikuidhania. Nilidhani mkubwa wa muziki ni yule anayesikika." Akakung'uta matone kwenye kitenge chake. "Mwanangu mezani hasikilizi mtu. Nikimtuma chumvi ataleta sukari. Lakini akishika fidla hata kuku akipita nje anajua. Mjomba wake anasema uhasibu una mshahara, na kweli unao. Mshahara huo atausikiliza nani?"

Nilimpa ukweli kama nilivyoujua. Nilimwambia kwamba hapa kwetu hakuna okestra inayomlipa mtu mwezi hadi mwezi kama serikali inavyomlipa karani. Wengi wanaosomea muziki hupata riziki kwa kuunganisha vipande: kufundisha shuleni na majumbani, kuongoza kwaya, kupiga hotelini na harusini. Nikamwambia kwamba asiyependa kufundisha watoto asiingie, maana huko ndiko mkate uliko, nao ni mwembamba. Nikamshauri aulize kwanza kama chuo kitamwazima binti ala ya kusomea, kwa kuwa ala nzuri hula fedha nyingi kuliko karo. Na nikamwambia amwangalie binti kwa mwezi mzima bila kumwambia: kama atafanya mazoezi kila siku asipohimizwa, basi kazi imemchagua, na kama la, uhasibu upo palepale.

Mwezi ulipokwisha alikuja tena. "Ng'ombe atabaki," alisema. "Ndama ndiye atakayekwenda."

Asiyefuga anaweza kuona kwamba alichagua lililo rahisi. La hasha. Ndama jike ndiye ng'ombe wa kesho. Mama yule alibakiza maziwa ya leo kwa ajili ya wadogo, akauza maziwa ya miaka ijayo kwa ajili ya binti mkubwa, na hesabu hiyo aliifanya peke yake, bila mhasibu.

Binti alianza chuo mwishoni mwa mwaka huo, na bado anasoma. Kila Jumamosi hukusanya watoto wa usharika chini ya mparachichi wa mama yake na kuwafundisha solfa. Nimewahi kuketi kando nikamtazama akifanya jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote cha ualimu. Huwagawa watoto makundi mawili. Kundi moja huimba, na jingine hukaa kimya. Kisha lile lililokaa kimya ndilo hutoa majibu. Nani alichelewa? Nani alipanda juu mno? Nani alimsaidia mwenzake? Watoto wa miaka minane hujibu maswali hayo kwa uhakika wa mahakimu, na asiye na la kujibu hapati zamu ya kuimba.

Sisi walimu wa kizazi changu tulipewa ubao, kengele na mtihani. Mtihani hupima jibu, na kwa sababu hiyo shule nzima huelekezwa kwenye jibu: anayenyoosha mkono kwanza, anayesema kwa sauti, anayemaliza mapema. Mtoto aliyekaa kimya huandikiwa kwenye ripoti kwamba "aongeze bidii". Sina ugomvi na jibu. Taifa haliendeshwi bila majibu. Lakini kikao cha kijiji, baraza la ardhi, ndoa, na chumba cha daktari vyote husimama juu ya mtu aliyefunzwa kukaa kimya akiwa macho, na kujua ni wakati gani wa kuingia kwa noti yake. Kumi na sita wale chini ya bati walikuwa wamejifunza hivyo kwa maelfu ya saa ambazo hakuna aliyewaona. Muziki uliotuvuta mbele ulikuwa matunda ya saa hizo.

Sidai kwamba kila mtoto apewe fidla. Shule nyingi hazina madawati ya kutosha, na mkuu wa shule anayeomba sello badala ya dawati anastahili kushangaliwa. Lakini solfa haihitaji ala. Inahitaji mwalimu, mkono wake, na nusu saa ambayo hakuna aliyeipora kwa ajili ya mtihani wa majaribio. Mti wa mparachichi ukiwapo ni nafuu zaidi.

Wazazi bado huja kwangu. Mmoja akiuliza muziki utampatia nini mtoto wake, humtajia mapato kama yalivyo, madogo na yasiyo na uhakika, nisimdanganye. Kisha humtajia siku na saa ya onyesho linalofuata, na humwambia asiogope kuchelewa, kwa kuwa viti vya mbele huwa vitupu hadi dakika ya mwisho.